Fungu la Nane

Kwa miaka thelathini na minne, Mathurin Barrault aliifundisha miguu ya mji wa Poitiers. Kila aliyejua kuingia ukumbini bila kujikwaa aliyapata hayo kwa Mathurin, kwa fimbo yake na kwa fidla yake ndogo iliyoenea mfukoni mwa koti. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na mengi ya hayo machache aliyatumia kuwadharau wapiga vinanda.

Aliyemdharau zaidi ni Chardavoine, mpiga kinanda mpya wa kanisani, kijana aliyekaa Torino, Italia, miezi kumi na minane akarudi na soksi za hariri na imani kwamba muziki wa Kifaransa umesinzia. Alipoambiwa kwamba sarabanda, dansi ya polepole, haikimbizwi, alipiga miayo. Meya, ambaye hakuweza kutofautisha dansi ya gavoti na mlio wa bawaba, alizipenda zile soksi. Akamwagiza kijana atunge minueti, wimbo wa dansi, kwa harusi ya binti yake, Radegonde. Mathurin angewaongoza wapigaji kama kawaida. Baada ya harusi meya angeamua nani akikalie kiti cha kiongozi wa wapigaji.

Wiki moja kabla, Mathurin aliipitia karatasi ya minueti hiyo kwa kidole, mara mbili. Hatua moja ya minueti hula mafungu mawili ya mapigo matatu. Ndiyo maana kila sehemu ya wimbo huwa na mafungu manane, ili mguu na fidla vifike pamoja. Sehemu ya kwanza ya Chardavoine ilikuwa na saba.

Alimwendea kanisani akamweleza taratibu.

"Saba ni makusudi, Mzee," Chardavoine alisema bila kuinua macho. "Sikio linashtuka kidogo. Kule Torino wanapenda."

"Sikio halichezi, bwana mdogo. Radegonde ana miguu miwili, na yote nimeifundisha mimi."

"Basi ifundishe kushtuka. Kazi yako ni kupiga kilichoandikwa."

Mathurin akaamua kupiga kilichoandikwa, noti kwa noti, mji mzima uone. Radegonde aliendelea na mazoezi kwa minueti za zamani, na mwalimu wake hakumwambia neno. Hapo alikosa, na alikosa akijua.

Siku ya harusi, maharusi walicheza peke yao katikati ya ukumbi, kama desturi, huku wote wakitazama. Fungu la saba likaisha. Mguu wa Radegonde ukabaki hewani, na wimbo ukaanza upya chini yake. Mtu akacheka. Binti akaanza hatua upya; hakumtazama mtunzi, alimtazama Mathurin.

Raha aliyoisubiri mzee wiki nzima haikuja. Sehemu ile iliporudiwa, aliivuta noti ya mwisho kwa fungu zima, akaitetemesha kwa kidole, na wenzake wakamfuata wakinung'unika. Mguu ukatua mahali pake.

Chardavoine akamnong'oneza meya kwamba mzee hawezi tena kuhesabu. Meya akaitisha karatasi, akahesabu kwa kidole, akapata saba, akaridhika. Kiti kikaenda kwenye soksi za hariri.

Radegonde alimkuta Mathurin akifunga fidla.

"Mwalimu, ile mara ya kwanza ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kwenye karatasi, binti yangu," alisema.

Kufikia Kwaresima, wakubwa wa Poitiers walikuwa wamejifunza kuchechemea katika fungu la saba, wakauita mtindo mpya. Mathurin aliwatazama mara moja tu, akiwa mlangoni na kofia mkononi, akihesabu hadi nane.