Karibu ya Devota

Ditram alipougua, mkewe Devota aliiweka nyumba yao ya Kidodi rehani benki ili amtibu. Ditram akafa, deni likabaki. Tangu hapo Devota aliishi peke yake kwa kujibana: ugali na mlenda wa chumvi tupu, mafuta alishayasahau. Tena alikula ndani, mlango umefungwa, maana anayekula barazani lazima amkaribishe kila apitaye, na yeye hakuwa na tonge la kumpa mtu. Majirani wakipiga hodi, alinyamaza mpaka waondoke.

Mwaka huu akamaliza deni, akarudishiwa hati. Jioni hiyo alichinja jogoo, akapika wali, akatandika mkeka barazani. Malori ya miwa yakapita na vumbi lake, kisha akatokea jirani yake Joha, aliyemlilia Ditram kama kaka yake wa kuzaliwa.

"Joha, karibu chakula!"

"Asante, nimeshiba," Joha akajibu bila kupunguza mwendo.

Wakapita wengine. Eti wote wameshiba, na majembe bado mabegani!

Mchuzi ukaganda. Devota akabeba sufuria, akaingia ndani na kufunga mlango kama kawaida yake, ingawa hapakuwa na mtu anayekuja.