Kadi Nilizokosea Maktabani Busia

Miaka michache baada ya uhuru niliajiriwa kupiga taipu katika maktaba ndogo ya Busia. Tulikuwa wawili: mimi, msichana niliyemaliza shule juzi, na mzee mmoja wa Butula aliyenifundisha kazi. Kila kitabu kilikuwa na kadi yake, na kwenye pembe ya juu kushoto ndipo ilipokaa namba ya rafu. Tarakimu tatu, nukta, kisha zilizobaki. Chini yake herufi tatu za jina la mwandishi.

"Ukihamisha nukta, binti yangu, umekizika kitabu kikiwa hai," aliniambia.

Macho yake yalikuwa yanakwisha. Alisogeza uso hadi pua ikakaribia utepe wa taipu. Nilijua, sikumwambia mtu.

Siku moja akaja mkaguzi kutoka Nairobi. Alivuta kadi ya kitabu cha mahindi: 63.315, badala ya 633.15. Akavuta nyingine, na nyingine. Vitabu vilikuwa rafuni, lakini kwa kadi zile hakuna mwalimu wala mkulima ambaye angevipata. Akamkabidhi mzee zile kadi.

"Nani alipiga hizi?"

Nilikuwa mimi. Nilizipiga Ijumaa moja harakaharaka, nikiwahi gari la Malaba, kwetu. Niliinamia taipu yangu.

Mzee alizipapasa kadi kwa muda. "Ni mimi, bwana," akasema. "Macho haya."

Alifukuzwa siku hiyo hiyo.

Ilipita miezi ndipo nikaenda Butula. Nilimkuta ameketi mlangoni, haoni kabisa. Mke wake alinikaribisha kiti na chai, akarudi kulima peke yake.

"Mzee, zile kadi zilikuwa zangu."

"Najua. Mimi nagonga kwa nguvu, nukta yangu inatoboa karatasi. Zile zilikuwa laini nyuma."

"Mbona hukunitaja?"

"Wangetufukuza wote, wewe kwa kadi, mimi kwa macho. Mimi nilikuwa nimeshakwisha." Aligeuza uso kunielekea. "Lakini nilisubiri useme. Pale nilipokuwa napapasa, nilikuwa nakusubiri wewe."

Nilikaa mpaka chai ikapoa, nikaaga.

Alifariki kabla ya mavuno. Habari ilipofika maktabani, mkuu mpya aliyeletwa baada yake aliniuliza kama nataka ruhusa ya kwenda mazishini. Nilimjibu kwamba kazi ni nyingi, nikaingiza kadi nyingine kwenye taipu.