Gari la Kukohoa na Gari la Kunyamaza

Mkasa huu nausimulia mwenyewe kwa sababu Mwanza nzima wameshausimulia vibaya, wengine wakisema nilikuwa nimelewa, na laiti ningekuwa nimelewa ningekuwa na la kujitetea.

Zilikuwa zimebaki siku chache tupate Uhuru. Mzee Salehe wa Mirongo, mnunuzi wa pamba, alikuwa na magari mawili ya kifahari ya Kiingereza. Moja la kabla ya vita, limesimama kama kabati, mataa kama masufuria, linawashwa kwa hendeli na kukohoa mpaka mtaa wa pili wajue tajiri anatoka. Jingine jipya kabisa, limelala chini, ndani linanukia kama duka la viatu. (Mkoloni tulikuwa tunamuaga, lakini mzee hakuona namna ya kumuaga bila kupanda gari lake.) Alikuwa anatafuta dereva, na mimi, niliyeacha shule darasa la nne na kulala kila mji wenye stendi, niliitaka kazi ile kwa sababu ilikuwa na chumba uani kwake.

Nikamkuta ufukweni, ndiyo kwanza ameshuka kwenye lile jipya, la zamani liko kando linaoshwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nasikia unajua magari. Haya, lipi linifae siku ya sherehe?"

Ningetaja moja yakaisha. Lakini watu walikuwa wameanza kukusanyika, nami nikiona watu mdomo hauna breki. Nikasema la zamani ni gari kweli, likiwaka unasikia, likiumwa unasikia, lakini hili jipya ni bubu, tajiri kauziwa kochi! Watu wakacheka, na kile kicheko ndicho kilichoniponza, nikaingia kuwaonyesha jinsi mtu anavyozama kwenye kiti, nikavuta na kijiti cha gia kilichobandikwa kwenye usukani.

Kumbe injini ilikuwa inawaka. Mzee hakuwa ameizima. Ule ukimya niliokuwa nautukana ndio aliolipia fedha zote zile.

"Breki! Kanyaga breki!" watu wakapiga kelele.

Mguu wa kushoto ukatafuta klachi, ukaikosa, ukatafuta tena (gari lile halikuwa na klachi, na mtaalamu ndiyo kwanza alikuwa anajifunza), wa kulia kwa woga ukakanyaga mafuta, tukapita juu ya mabeseni ya akina mama waliokuwa wanafua, tukaingia ziwani mpaka maji yakafika kwenye viti.

"We kaka, unaliosha au unalinywesha?" akauliza mmoja wa wale mama.

"Mwacheni, shemeji anawahi kisiwani Ukerewe!"

Lile la zamani ndilo lililolitoa, kwa kamba ya wavuvi, likikohoa kwa raha zake, mimi nyuma nasukuma, tope mpaka puani. Mzee mwenyewe ndiye aliyekuwa ameingia majini kuifunga kamba. Alikamua kanzu yake, akaniambia, "Ahsante, mwanangu. Gari la kunifaa nimeshalijua. Na dereva asiyenifaa nimemjua pia."

Basi, chumba kikaenda hivyo. Tangu siku ile mtu akiniuliza jambo la neno moja namjibu neno moja, tena nikiwa nimesimama nje ya gari.