Kinga ya Msumeno wa Baba Kulwa

Najua mtakachosema, kwa hiyo nianze na yale ambayo sikuwa. Sikuwa nimelewa, mimi hata bia ya harusini huishia kuinusa. Sikuwa na homa. Wala haukuwa usiku, maana mmezoea kuambiwa kwamba mambo haya hungoja giza. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, jua la Ushetu limeshaanza kuchoma mgongo, na huyo aliyenijia nilimwamkia shikamoo naye akaitikia marahaba kama mtu yeyote. Anayetaka kucheka acheke sasa, kwa sababu huko mbele hatapata nafasi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kahama. Wenzangu siku za mapumziko wanafuata mpira. Mimi nafuata kuni. Si kwa shida. Ninapenda tu, na nimeshachoka kueleza. Napenda harufu ya petroli iliyochanganywa na oili, napenda gogo linavyofunguka, napenda kurudi nyumbani nina unga wa mti hadi masikioni. Baba mkwe wangu analima tumbaku Ushetu, na kila anapopanua shamba kwa kibali cha kijiji, miti iliyoangushwa huwa yangu kuikatakata. Nusu inakwenda kwenye mabani yake ya kukaushia tumbaku, nusu naileta mjini.

Wapenda misumeno ya petroli kama mimi tupo wengi kuliko mnavyofikiri. Tuna kundi letu kwenye simu, na humo tunabishana asubuhi hadi jioni: bapa linalobeba cheni liwe refu au fupi, tupa ya duara ya namna gani, oili ipi haitoi moshi, ekzosi itobolewe wapi ili mashine ipate nguvu. Humo ndimo nilimopata ushauri uliokaribia kuniua. Nitaufikia.

Mwaka juzi nilinunua msumeno uliotumika, kwa mfanyabiashara mmoja wa vipuri vya mitumba hapa mjini. Ulikuwa mashine ya kazi kweli, mkubwa, wa ile inayokata matimba ya kuegemeza mashimo ya wachimbaji huko Geita. Mkono wake wa kushikia, ule wa mbele, ulikuwa umezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli, kazi safi, umevutwa na kufungwa na mtu mwenye subira. Niliuliza mwenyewe yuko wapi, nikajibiwa ameacha kazi. Nikaridhika. Hebu niambieni, nani angeuliza zaidi?

Kitu kimoja tu hakikuwepo: kinga. Wasioujua msumeno niwaeleze. Mbele ya mkono wa kushikia huwa kuna bamba jeusi la plastiki ngumu. Ncha ya bapa ikigusa kitu vibaya, msumeno unaruka kuelekea usoni kwako, haraka kuliko unavyoweza kufumba jicho. Hapo mkono wako unagonga lile bamba, bamba linavuta breki, na cheni inasimama papo hapo. Bila bamba, haisimami.

Mke wangu, Mama Minza, hajui lolote kuhusu misumeno, lakini aliuangalia siku ya kwanza tu akauliza mbona una sehemu mbili za skrubu ambazo hazina kitu. Nilipomweleza, akanitaka nisiuwashe mpaka kinga ipatikane. Nikamwahidi. Niliitafuta kwa moyo mmoja, sitawadanganya: Kahama yote, Shinyanga mjini, nikafika hadi Kalangalala kule Geita, duka kwa duka. Zote zilikuwa za aina mpya, hakuna iliyoingia. Nikauliza kwenye kundi. Wakanicheka. Wakasema kinga ni ya wanaojifunza, inakuzuia kuona, inakera mkono unapogeuza msumeno, wao walishazitoa siku nyingi. Basi nikauwasha. Mama Minza nikamwambia nimepata kinga na nimeifunga. Alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa pili, na nilimdanganya nikimtazama usoni.

Nilikata hivyo miezi minne. Kosa pekee nililoliona ni kwamba msumeno haukuwa ukienda wima. Kila nikianza kukata, mkato unapinda kuelekea kulia kama baiskeli yenye rimu mbovu. Nikabadilisha bapa. Nikanunua cheni mpya. Ikinolewa mara mbili tatu, inarudia kupinda.

Siku hiyo ya Jumamosi nilikuwa peke yangu shambani, nina mti mkubwa wa mtundu ulioanguka, na msumeno unapinda vibaya. Nikauzima, nikakaa, nikatoa tupa nianze kunoa. Nilipoinua macho kulikuwa na mtu amesimama upande wa pili wa gogo.

Alikuwa mtu mzima, labda miaka hamsini, amevaa koti zito kwenye jua lile. Shingoni alijifunga kanga ya rangi ya kahawia yenye maua meupe, akaizungusha na kuikaza hadi chini ya masikio, kama mtu mwenye jino bovu. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akasema, "Mwangaluka, mwalimu," salamu ya Kisukuma ya asubuhi. Sikujiuliza amejuaje kwamba mimi ni mwalimu. Shamba la baba mkwe kila mtu analijua, na mkwe wake mjinga anayekata kuni kwa raha anajulikana pia.

Akakaa kwenye gogo, akanyoosha mkono kuomba tupa, nikampa. Jamani, nimeona watu wakinoa, lakini yule alikuwa na mkono wa kipekee. Alinoa kwa mkono wa kushoto. Jino moja, misuguo mitatu, jino linalofuata, bila haraka. Akanieleza kwa upole kwamba tatizo halikuwa bapa wala cheni. Mimi ni wa mkono wa kulia, upande mmoja naukandamiza zaidi ya mwingine, meno yanakuwa hayalingani, ndiyo maana mkato unapinda. Pesa yote ile ya vipuri, na kosa lilikuwa kiganjani mwangu. Nikacheka, yeye hakucheka.

Nikammiminia chai kutoka kwenye chupa yangu. Akapokea, akaweka kikombe pembeni.

Alipomaliza kunoa akapitisha kidole kwenye zile sehemu mbili tupu za skrubu. Akauliza kama kinga niliitoa mimi. Nikasema hapana, ilikuja hivyo hivyo. "Afadhali," akasema. Akaingiza mkono ndani ya koti na kutoa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cheupe chenye udongo mwekundu. Akakifungua. Ilikuwa kinga.

Niaminini, nilichofikiri wakati ule ni kwamba nimepata bahati. Basi. Nilifurahi kama mtoto. Ilikuwa ya zamani, na pembeni ilikuwa na kitundu kidogo kilichochomwa kwa moto, plastiki imeyeyuka na kuvimba kuzunguka ukingo. Aliiweka ikaingia barabara, hata kusukuma hakusukuma. Akachukua bisibisi yangu, akakaza, akaisukuma mbele, ikalia ta, cheni ikakaza. Akairudisha. Halafu akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Sasa itakukera," akasema. "Iache ikukere."

Nikamuuliza nimpe nini. Akasema hataki kitu, ila nikimaliza nimpelekee kuni Mama Kulwa, kijiji cha pili, yule anayekaanga maandazi karibu na kisima cha pampu. Nikakubali. Akainuka akaenda zake kwa njia ile inayopita kando ya mabani, na mimi nikavuta kamba ya kuwashia, maana nilikuwa na hamu ya kuona mkato ulionyooka.

Na ulinyooka kweli. Msumeno uliingia kwenye mtundu kama kisu kwenye ugali. Nikasahau kila kitu kwa raha. Sikuliona tawi lililojificha nyuma ya gogo, na ncha ya bapa ikaligusa.

Sijui niwaelezeje. Hakukuwa na muda wa kuogopa. Msumeno ulikuwa kule, kisha ulikuwa huku. Nilisikia mkono wangu ukigonga bamba, nikasikia ile ta, na mngurumo wa cheni ukakatika. Meno yalikuwa yamegusa ukosi wa shati langu. Ukosi ulikuwa umechanika vipande viwili. Chini ya ukosi kulikuwa na shingo, na shingo ilikuwa nzima.

Niliuweka msumeno chini. Nikamwita yule mzee kwa sauti, nikaita tena. Kisha nikaangalia pale alipokuwa amekaa. Lile gogo lilikuwa limefunikwa na unga wa mti tangu nilipoanza kazi, na unga ulikuwa umelala vilevile, sawasawa, hakuna alama ya mtu kukaa. Kikombe cha chai kilikuwa pale, kimejaa hadi juu. Na mimi mtu mzima, mwalimu wa fizikia, nilianza kulia.

Ningeweza kwenda nyumbani. Lakini nilikuwa nimeahidi kuni, na baada ya jambo kama lile huthubutu kuvunja ahadi. Nikatafuta guta la kubebea mizigo, dereva wake akanisaidia kupakia, tukaenda hadi kijiji cha pili. Msumeno niliuchukua ili nikayapunguze magogo marefu hukohuko. Mama Kulwa kila mtu anamjua, dereva alinishusha mlangoni kwake bila kuuliza.

Alitoka ndani ana unga mikononi. Kiunoni alikuwa amejifunga kanga ya rangi ya kahawia yenye maua meupe.

Mnajua kanga huuzwa doti, vipande viwili vinavyofanana. Nilijiambia kanga za namna hiyo ziko sokoni nyingi. Nilijiambia hivyo mara nyingi sana pale mlangoni. Nikamsalimia, nikasema nimetumwa kuleta kuni. Akauliza nimetumwa na nani. Kabla sijajibu, macho yake yalikuwa yameshaufikia msumeno uliokuwa juu ya guta, na ule mpira wa tyubu kwenye mkono wake.

Akaenda hadi kwenye guta. Hakuugusa mpira. Aliishika kinga, akaigeuza kidogo, akaweka kidole chake cha shahada juu ya kile kitundu.

"Kulwa ndiye aliyeitoboa," akasema, polepole, kama anayemfundisha mtu. "Kwa waya wa moto, jikoni. Nilimchapa."

Akanieleza akiwa amesimama vilevile. Msumeno ulikuwa wa mumewe, Baba Kulwa, aliyekuwa akikata matimba ya wachimbaji. Kinga ilimkera, akaitoa, akaitupa kwenye boksi la skrubu. Yeye alimsihi airudishe, wakagombana kwa jambo hilo zaidi ya mara moja. Siku moja msumeno uliruka. Walimleta nyumbani amekwisha kufa. Baada ya mazishi akamuuzia mfanyabiashara wa Kahama mashine, maana hakutaka kuiona tena.

Nikamuuliza kinga yenyewe aliiuza pamoja na mashine au ilibaki kwenye boksi.

"Nilimwekea kwenye jeneza," akasema. "Niliifunga kwenye kitambaa cheupe, nikamshikisha mkono wake wa kushoto, ule wa kazi. Nilikuwa na hasira naye, mwalimu. Nilimwambia, haya, chukua kitu chako."

Dereva wa guta alishashuka na kusogea mbali. Mama Kulwa akauliza aliyenituma alikuwaje, na shingoni alikuwa na nini. Nikanyoosha mkono tu, nikaonyesha kiunoni kwake.

Aliishika ile kanga kwa mikono yote miwili, yenye unga.

"Nilimfunga mimi mwenyewe," akasema, "ili watoto wasione."

Kaburi lake liko nyuma ya nyumba. Alinipeleka. Majani yake yalikuwa hayajaguswa, na udongo wake ni mwekundu kama ule wa kwenye kitambaa. Yeye alilia, mimi nikasimama.

Yaliyobaki ni haya. Kila mwezi nampelekea Mama Kulwa kuni, na sijakosa hata mara moja. Mama Minza nilimweleza uongo wangu jioni ileile, na kwa siku tatu nikajipakulia chakula mwenyewe. Siku ya nne akaanza kunitengea tena. Mtoto amezaliwa, ni wa kiume, na mpaka leo nikimbeba nawaza jinsi angenijua kwa picha tu. Msumeno ninao. Nikivuta kamba ya kuwashia, shingo yangu inapata baridi pande zote, na lazima nisimame kidogo mpaka baridi iishe. Kinga inanikera kila siku ninapokata. Naiacha.

Ninyi wa kwenye kundi mlionicheka niliposimulia, sina ugomvi nanyi. Lakini ukienda kununua msumeno uliotumika, usianze kuangalia bapa wala nguvu ya mashine. Angalia kilichotolewa. Muulize muuzaji aliyekitoa ni nani, na yuko wapi sasa. Akikuambia ameacha kazi, muulize tena. Na kama kinga yako iko kwenye boksi la skrubu huko nyumbani, nenda kaifunge leo, kabla mwenzako hajaiokota na kukushikisha mkononi.