Kitambaa Changu na Kompyuta ya Athieno

Jamani, leo nimepona!

Binti yangu Athieno anabuni mabango hapa Tororo kwa kompyuta kubwa yenye nguvu. Hata Busia sijaona kama hiyo. (Acheni nijisifu, nimezaa mimi.)

Asubuhi nikaona vumbi la simenti la kiwandani juu yake. Nikaifunika na kitambaa changu cha kufuma, kile cha maua. Ikapendeza kama bibi harusi!

Saa tano, Athieno anamalizia bango la harusi, mteja yuko njiani kutoka Busia, kompyuta ikazima.

Umeme uko. Taa inawaka.

"Mama, kazi ya siku tatu!"

Akaigusa. Moto kama sufuria ya mandazi. Akafunua kitambaa, akaniangalia.

"Mama, umeiziba pua. Inapumulia hapa juu."

Nikakimbia kuleta sahani.

Tukaipepea na sahani mpaka ikapoa. Ikawaka. Bango likatokea lote, kumbe mtoto alikuwa anahifadhi kila hatua. Mungu asifiwe, nilikaa chini nikacheka na machozi.

Mteja ameondoka na bango lake, anatabasamu.

"Mama, wewe funika mandazi tu," Athieno amesema.

Na wewe unayenicheka, TV ya kwako imefunikwa na nini?