Bati Bichi na Mgeni Rasmi

Wiki iliyopita, kwenye zahanati moja nje kidogo ya Igowole, niliona paneli ya sola ikizinduliwa kabla haijabandikwa. Ni zile laini, zinazopinda kama mkeka, ambazo hushikizwa kwenye bati kwa gundi. Muuguzi aliisubiri kwa hamu, maana friji yake ya chanjo haikuwa na umeme, na akina mama walikuwa wakirudishwa na watoto wao mgongoni.

Saa tatu asubuhi ukungu ulikuwa bado umelalia paa. Fundi alipitisha kidole kwenye bati, akakiinua kikiwa kimelowa.

"Mzee, gundi haishiki kwenye maji. Tusubiri jua."

Ofisa mwenye ratiba akatazama saa yake. "Mgeni rasmi hasubiri jua. Bandika!"

Fundi akapanda. Utepe ukakatwa, tukapiga makofi, mgeni akasifu teknolojia, msafara ukaondoka. Muuguzi akamfuata fundi, uso umemshuka.

"Kaka, sasa ikidondoka, chanjo zangu je?"

"Tulia, dada. Ile ni ya picha, nimeifunga kamba tu pembeni. Gundi ninayo mfukoni."

Mchana jua likatoka. Muuguzi akashika ngazi, fundi akalifuta bati, akasubiri likauke, kisha akabandika na kuikandamiza taratibu kwa viganja, kama anayempaka mtoto mafuta.

Nasikia friji inapoza na watoto wanachanjwa. Shughuli ya pili haikuwa na hotuba wala makofi. Nadhani ndiyo maana imeshika.