Tulivyoubeba Mtumbwi Kupita Maporomoko

Siku yangu ya kwanza kazini sikuuona mto. Niliripoti ofisi ya maji Njombe nikiwa na suruali ya kuazima kwa kaka yangu, na kabla sijapewa hata kiti nikaambiwa nipande gari kwenda Makambako kupokea chombo kilicholetwa na treni. Chombo chenyewe kilikuwa mtumbwi wa alumini. Wapagazi wa stesheni walipouona unateremshwa kwenye behewa walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Upepo wa Makambako ulikuwa unasukuma vumbi juu ya reli, na mmoja wao akauliza, "Jamani, mtapiga kasia wapi hapa? Kwenye vumbi hili?"

Mzee Haule, nahodha wa kikosi chetu, hakucheka. Alikuwa Mpangwa aliyekulia mwambao wa ziwa kule Ludewa, mtu mfupi mwenye mabega mapana, na alikuwa ameanza kuendesha mitumbwi kabla mimi sijazaliwa. Aliuzunguka ule mtumbwi, akaugonga tumbo kwa kiganja, kisha akanitazama na kunisalimia kwa kilugha.

"Kamwene, kijana. Shika huku nyuma. Uanze kuzoea."

Nilizoea. Nyuma ndipo nilipobaki kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi.

Nyinyi vijana wa leo mnaona vipimo vya mito kwenye simu, kwa hiyo nieleze kidogo. Kazi yetu ilikuwa kujua mto una maji kiasi gani na yanakwenda kwa kasi gani. Tulisimika vigezo, yaani mbao zenye alama za vipimo, ukingoni mwa mto, na tulishusha majini mita ya mkondo, kidude chenye pangaboi dogo linalozungushwa na maji. Sehemu nyingi hazikuwa na barabara, ndiyo maana tukapewa mtumbwi. Lakini mito yetu ya nyanda za juu haiendi kwa utulivu. Inatembea kidogo, halafu inajitupa kwenye jabali. Kila tulipofika kwenye maporomoko tulishuka, tukatoa vyombo, tukaugeuza mtumbwi kifudifudi na kuubeba kwa miguu hadi maji yanapotulia tena. Sisi tulikuita huko "kupita kavu".

Kupita kavu kuna ufundi wake. Unasokota gunia kuwa ngata, unaiweka begani. Wa mbele anaona njia, wa nyuma anaona visigino vya wa mbele tu. Kwa hiyo wa mbele lazima aseme: jiwe, mzizi, utelezi, kata kushoto. Akinyamaza, wa nyuma ameumia. Bwana Maji wa Wilaya, mkubwa wetu wa kwanza, alitusimamia siku moja akasema, "Haule, mbona unaongea kama redio?" Haule akajibu kutoka ndani ya mtumbwi, "Mkubwa, huyu wa nyuma nimemfunika macho. Nisipoongea ataona kwa kutumia nini?"

Njia niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kwenye mto Ruhudji, chini ya Njombe, ikipita katikati ya mianzi. Tuliipita msimu wa mvua, wakati wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba maporomoko tuliyasikia tu. Mvua ikipiga alumini juu ya vichwa vyetu, Haule alianzisha wimbo wa kanisani. Chini ya mtumbwi uliogeuzwa sauti inarudi, watu wawili wanasikika kama kwaya nzima. Mwisho wa njia kulikuwa na bibi mmoja aliyetungoja na viazi vya kuchemsha. Alikuwa akituuliza kila mara, "Hivi wanangu, mto mnaupeleka wapi?" Wakati huo nilidhani kazi hii ni ya furaha. Sikujua kwamba ile ndiyo njia nitakayoikumbuka kidogo kuliko nyingine.

Baadaye tulihamishiwa Ludewa, mto Ruhuhu. Huko mkubwa wetu alikuwa Fundi Sanifu Mkuu, mtu mnyamavu aliyevaa shati lililopigwa pasi hata porini. Vyombo vyake alivipenda kama watoto. Mita ya mkondo alikuwa akilala nayo karibu na kichwa. Alituambia siku ya kwanza, "Mkiteleza, angukeni nyinyi. Mita ibaki juu."

Ilikuwa masika, mvua zimeng'oa daraja. Gari letu lilibaki ng'ambo ya mto, chini ya maporomoko, mahali palipokuwa na barabara. Sisi tulikuwa juu, upande wa kijiji, tukijiandaa kupima. Asubuhi alikuja mwanamume mmoja akikimbia, jina lake Mtweve. Mkewe, Leokadia, alikuwa na uchungu wa uzazi wa kwanza tangu juzi yake, na mkunga wa kijiji alikuwa amesema hawezi tena. Hospitali ilikuwa ng'ambo.

"Nisaidieni mtumbwi, baba zangu," alisema. "Hakuna njia nyingine."

Fundi Sanifu Mkuu alitazama mto. Alimtazama Mtweve. Nilijua taratibu: chombo cha serikali hakibebi raia. Akaanza kutoa vyombo mtumbwini kimoja kimoja, akaviweka kwenye tope. Mita ya mkondo aliiweka ya mwisho, akaivika koti lake.

"Mleteni," alisema.

Tulimlaza Leokadia ndani ya mtumbwi juu ya blanketi, tukashuka naye majini hadi pale ambapo mto unaanza kunguruma. Kutoka hapo ilikuwa kavu. Safari hii hatukuweza kuugeuza mtumbwi. Tulipitisha miti miwili chini yake na kuubeba ukiwa umesimama kama ulivyo majini, yeye akiwa ndani. Mbele walishika Haule na Mtweve. Nyuma tulishika mimi na Fundi Sanifu Mkuu, ambaye alikuwa amevua viatu. Miguu ya Leokadia ilielekea mbele. Kichwa chake kilikuwa karibu na mkono wangu.

Njia ile ni ya mawe na inateremka. Maporomoko yalikuwa kando yetu na kelele zake zilifunika kila kitu, hata sauti ya Haule ikawa haifiki vizuri. Fundi Sanifu Mkuu aliteleza, akapiga goti kwenye jabali, damu ikamtoka, lakini mti hakuuachia. Leokadia mwanzoni alikuwa akilia. Kisha akawa anaongea kwa sauti ndogo. Kisha akanyamaza, nami nikamwita, "Mama. Mama." Nikapiga kelele wasimame.

Tuliutua mtumbwi kwenye majani. Ng'ambo ya maji gari letu lilikuwa linaonekana, dereva akitupungia mkono kwa kuwa hakujua. Haule alipiga magoti, akaweka sikio kifuani kwa Leokadia, akakaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mtweve alisimama akiwa bado ameshika ncha ya mti.

"Twendeni basi," alisema. "Mbona mmesimama? Maji yale pale."

Haule alimfumba Leokadia macho. Mtoto alikuwa bado tumboni.

Vijana, watu wakisimulia habari kama hii huishia hapo. Sisi haikuishia hapo. Kwao Leokadia kulikuwa juu, kwa hiyo tuliunyanyua mtumbwi na kurudi nao njia ile ile, tukipanda. Nimebeba mtumbwi ule sehemu nyingi, wenye maji, wenye tope. Sijawahi kuubeba mzito kama siku ile, na Haule aliyekuwa mbele hakutaja jiwe wala mzizi hata mmoja.

Hakuwahi kuongea tena njiani baada ya hapo. Tuliendelea na kazi, lakini nikawa najikwaa, na haukupita muda mrefu akaomba kupumzishwa, akarudi ziwani. Fundi Sanifu Mkuu alihamishwa. Mimi nilimalizia utumishi wangu Makambako, ofisi isiyo na mto, nikipanga mafaili. Vigezo vingi tulivyosimika vilichukuliwa na mafuriko na hakuna aliyevirudisha. Mtumbwi ulilazwa nyuma ya ofisi mpaka wauza chuma chakavu walipokuja kuukata vipande. Nilisimama dirishani nikisikia msumeno.

Mwaka jana nilikwenda Mlangali kwenye msiba, nikaamua kuteremka hadi Ruhuhu kwa bodaboda. Daraja lipo sasa, la zege, na malori yanapita. Nilimkuta Mtweve nyumbani kwake, mzee kama mimi, hakuoa tena. Alinitazama sana nilipojitambulisha.

"Wewe ulishika wapi?" aliuliza.

"Nyuma. Kushoto."

"Basi ulikuwa karibu na kichwa chake. Mimi sikusikia kitu kwa ajili ya maporomoko. Miaka yote hii nimekosa mtu wa kumuuliza. Alisema nini?"

Ningeweza kumtungia maneno mazuri. Nilimwambia ukweli. "Aliuliza kama umechukua zile nguo za mtoto. Akasema uzishike juu, zisilowe."

Mtweve aliitikia kwa kichwa, polepole.

"Nilizisahau nyumbani," alisema.

Tulikaa mpaka chai ikapoa. Kisha nikapanda bodaboda, nikapita juu ya lile daraja, na kijana aliyenipakia akaniuliza kwa nini mzee unafumba macho, unaogopa maji? Sasa nipo kijijini Yakobi, nalima viazi kidogo, magoti yanauma kukiwa na baridi. Kanisani huwa wanawaomba wastaafu wasimame waseme Mungu aliwatumia vipi katika kazi zao. Wenzangu walimu husimama, manesi husimama. Mke wangu hunigusa kiwiko. Mimi hubaki nimekaa.